Mashine Saba Mezani: Shajara ya Karakana ya Gemu, Tanga

Siku ya 1

Mwenye chumba cha gemu mtaa wa pili, hapa hapa Ngamiani, amefunga biashara. Nimenunua maiti zake zote: PlayStation 4 tatu, PlayStation 3 nene mbili na PlayStation 2 nyembamba moja. Ya saba, Xbox 360, haikutoka kwake. Shemeji yangu aliileta kutoka Muscat miaka mingi iliyopita, watoto wake wakaicheza mpaka ikagoma, na tangu hapo imekaa juu ya kabati kama chungu cha maua ya plastiki.

Mzigo umenigharimu shilingi 340,000. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Vibovu, kwa bei hiyo?" kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonifanya nifungue daftari hili. Kila saa na kila shilingi itaandikwa.

Lengo ni mashine nne zinazocheza kabla shule hazijafunga, maana watoto wakiwa likizo ndipo chumba changu kinapopata pesa.

Nimezibandika majina kwa kalamu ya wino mzito: 4A, 4B, 4C, 3A, 3B, 2 na X. Jioni tumeziwasha moja moja, mimi na mpwa wangu. 4A inawaka vizuri, televisheni haipati picha. 4B inanguruma kama bodaboda iliyotoboka bomba, baada ya dakika tano inajizima. 4C kimya kabisa. 3A na 3B zote zina ugonjwa mmoja: taa ya kijani, njano kwa kufumba na kufumbua, kisha nyekundu inayopepesa. 2 inafika kwenye menyu ila haioni diski. X inatoa taa tatu nyekundu, ile sura iliyomkosesha usingizi kila mwenye Xbox wa zama zile.

Sheria mbili za daftari hili. Kwanza, hakuna kutia bodi moto kabla ya kupima. Pili, neno "imepona" halitaandikwa humu mpaka nijue namna ya kulithibitisha.

Siku ya 2

Mende. Nilijua nitawakuta, sikujua nitakuta ukoo mzima.

PlayStation 4 ina matundu mapana ubavuni na nyuma, na pawasaplai yake iko humo humo ndani, inatoa joto hata mashine ikiwa imepumzika. Kwa mende hiyo ni nyumba yenye kila kitu. Katika 4C walikuwa wamezaa, wamekufa na wamekauka juu ya pawasaplai. Mwili wa mende una maji, na maji yenye chumvi yanapitisha umeme: mmoja akikatiza kati ya miguu miwili ya sehemu yenye volti kubwa, kazi imekwisha. Fyuzi imekatika, na transista moja imepiga shoti. Mpwa alitaka kuweka fyuzi mpya tuone. Nimemkataza. Fyuzi haifi bila kuuawa, na ukiiwekea mwenzake bila kumtafuta muuaji unaongeza maiti.

Nimemwonyesha pia kapasita kubwa ile yenye umbo la kopo. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya pawasaplai unakuwa karibu volti 325, na kapasita hiyo inaweza kuushika hata waya ukiwa umechomolewa. Tumeipima kwanza, tukaikausha umeme kwa kinzani (resista), tukaipima tena. Yeye akaona naigiza. Siku atakapopigwa nayo ataniita shikamoo hata usiku.

Pawasaplai nzima nimeagiza Kariakoo, itakuja na basi.

4B ilikuwa rahisi. Vumbi limekuwa blanketi kwenye mapezi ya kipozajoto, na pesti inayopitisha joto kati ya chipu na chuma imekauka kama chaki. Kujizima kwake hakukuwa ugonjwa: mashine ilipima joto lake yenyewe, ikaona inakokwenda si kuzuri, ikasimama. Nimesafisha, nimeweka pesti mpya. Sasa feni inasikika kama feni.

Siku ya 4

Siku nzima kwa soketi moja.

4A haina picha kwa sababu ndogo ya kutia hasira: vipini viwili ndani ya soketi ya HDMI vimelala. Soketi ina vipini 19 kwenye upana unaozidi kidogo ukucha wa kidole gumba, na katika chumba cha gemu waya unavutwa kila saa. Mtoto amefungwa bao, anasimama kwa hasira, mguu unapita na waya. Mafundi wengi niliowahi kuzungumza nao wanasema hiki ndicho kilema cha kawaida kuliko vyote kwenye PlayStation 4, na ukiangalia kinachoingia karakanani huwezi kuwabishia.

Jaribio la kwanza nililiharibu. Nilitoa soketi ya zamani vizuri, nikaweka mpya, nikashangilia mapema. Picha ikaja, nikatikisa waya, ikapotea. Chini ya kioo cha kukuzia nikaona kipini kimoja kimekaa juu ya lehemu bila kushikana nayo. Jaribio la pili nimetumia fleksi nyingi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, na subira nyingi zaidi.

Kabla ya hapo nilipima njia zote kutoka soketi hadi chipu inayotuma picha, ile yenye namba MN86471A. Ingekuwa nayo imeungua, soketi mpya isingesaidia kitu. Hiyo hufa kwa namna nyingine: watu huchomeka HDMI huku televisheni na mashine zote zikiwa zimewashwa, kila moja kwenye soketi yake ya ukutani, na nyumba haina waya wa ardhi. Ukigusa chuma cha mashine ya namna hiyo unahisi vidole vinasisimka. Hicho unachokihisi wewe, chipu inakihisi pia, na yenyewe haina ngozi.

Sheria mpya ya chumba changu: waya wa HDMI unafungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mtoto akiuvuta, avute meza.

Siku ya 5

Hakuna kazi ya bodi leo. Nimefungua pedi kumi na moja, vile vishikio vya kuchezea.

Mwenye chumba cha gemu atakwambia mashine haimfilisi, pedi ndiyo inayomfilisi. Mchezaji ameachia kijiti, mtu wake uwanjani anaendelea kutembea kushoto kama amesahau kitu nyumbani. Ndani ya kijiti kuna njia mbili za kaboni na vijembe vya chuma vinavyoteleza juu yake. Kaboni inalika, unga wake unatawanyika, na mashine inasoma uongo. Nintendo walisumbuka sana na jambo hili kwenye pedi za Switch, hata rais wao, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa wanahisa mwaka 2020. Kinachonikera ni kwamba dawa ilikuwepo zamani. Sega waliweka sumaku kwenye kijiti cha pedi ya mashine yao ya Dreamcast, mwishoni mwa miaka ya 1990. Sumaku haigusani na kitu, kwa hiyo haina cha kulika. Kisha dunia ikarudi kwenye kaboni kwa sababu ni rahisi.

Pedi sita zimebadilishiwa vijiti. Tano zimekuwa spea.

Siku ya 7

PlayStation 3. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Taa hii ya njano ina historia ndefu ya ugomvi. Mashine ilitoka Japani Novemba 2006, na miaka michache baadaye watu wengi walianza kuiona taa hiyo. Kipindi cha Watchdog cha BBC kililishika suala hilo mwaka 2009. Jibu la Sony, waundaji wake, lilikuwa kwamba walioripoti nchini Uingereza hawafiki nusu ya asilimia moja ya mashine zilizouzwa huko, na kwamba taa ya njano ni ishara ya jumla tu. Sehemu ya pili ya jibu hilo nakubaliana nayo. Taa inasema "nimeshindwa", haisemi wapi.

Mafundi wa dunia nzima hawakusubiri ugomvi uishe. Walishika bunduki za hewa moto. Unavua bodi, unaipasha juu ya chipu ya picha, RSX, unaiacha ipoe, unawasha, inawaka. Mteja anashukuru, analipa, anaondoka. Baada ya wiki tatu anarudi. Nami nimeifanya kazi hiyo, na pesa yake nimeila, kwa hiyo sisemi kwa kujitakasa.

Kwa nini moto unafufua halafu haudumu? Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mamoja: lehemu chini ya chipu imepasuka, moto umeiunganisha. Ila lehemu isiyo na madini ya risasi, ambayo Umoja wa Ulaya uliilazimisha sokoni kuanzia Julai 2006, inayeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi. Ile ya zamani yenye risasi ilitosheka na 183. Bodi nzima ya tabaka nyingi, chini ya bunduki ya mkononi, mara nyingi haifiki huko kwa usawa. Basi kama lehemu haikuyeyuka, kilichopona ni nini?

Majibu yako mawili, na ndiyo yanayonifanya nipime kwanza. La kwanza: ndani ya chipu yenyewe, kati ya kipande cha silikoni na kibao kinachokibeba, kuna vishikizo vidogo sana vya lehemu, na hivyo ndivyo vinavyopasuka, joto linatanua kila kitu, nyufa zinagusana tena kwa muda. La pili: kuzunguka chipu kuna kapasita bapa za NEC/TOKIN, ambazo kazi yake ni kutuliza umeme unaoingia kwenye chipu. Zinachoka. Zikipashwa moto zinachangamka kidogo, na fundi anadhani ametibu chipu kumbe ameiamsha kapasita.

Bahati njema, bodi inajiandikia shajara yake. Kuna chipu ndogo ya usimamizi, Syscon, inayotunza orodha ya makosa. Unalehemu nyaya nyembamba tatu, unaziunganisha na kompyuta kwa adapta ya bei ndogo, unasoma. Nimepoteza saa mbili kwa sababu nilibadilishana waya wa kutuma na wa kupokea.

3A: kosa linaloishia na 1002. Umeme wa RSX haukusimama inavyotakiwa. Hiyo ni njia ya kapasita.

3B: linaloishia na 3034. RSX haizungumzi na wenzake. Hiyo ni chipu yenyewe, na dawa yake ya kweli ni kuing'oa na kuweka RSX ya kizazi cha baadaye, kazi inayotaka mashine ya kulehemu ambayo bei yake inazidi karakana yangu yote.

Taa ni ileile, sekunde zilezile, mlio uleule, kumbe maradhi mawili tofauti. Miaka yote tumekuwa tukiwapa dawa moja.

3B imefungwa kama spea. Haikutiwa moto. Mpwa amenuna: "Mjomba, ungeipasha tu, tungeiuza." Ndiyo, tungeiuza.

Siku ya 8

Kapasita mpya aina ya tantali zimewasili pamoja na pawasaplai ya 4C. Nimeziweka kwenye 3A, kundi la juu la RSX. Imewaka. Saa ya ndani iko mwaka ambao siukumbuki.

Kuhusu saa, mpwa hakuamini nilipomsimulia kisa cha tarehe 1 Machi 2010. Siku hiyo PlayStation 3 nene duniani kote zilianza kukataa kazi, kwa sababu saa yao ilidhani 2010 ni mwaka mrefu na ikaingiwa na 29 Februari isiyokuwepo. Kesho yake zikapona zenyewe. Huo ndio ugonjwa pekee wa mashine ninaoujua ulioponywa na kulala.

Siku ya 9

X. Nimeiahirisha makusudi, maana hii ni ya shemeji na nitaulizwa.

Xbox 360 ina namna yake ya kukiri. Ikiwa na taa tatu nyekundu, unashikilia kitufe cha kuunganisha pedi na kubonyeza cha kutolea diski mara nne. Kila bonyezo linatoa tarakimu kwa idadi ya taa, na taa zote nne maana yake ni sifuri. Nimepata 0102. Kwa mafundi hiyo ni namba ya maunganisho ya chipu.

Nimemweleza mpwa ukubwa wa jambo hili, maana kwake Xbox ni mashine tu ambayo rafiki zake hawana. Microsoft waliitoa Marekani tarehe 22 Novemba 2005, mwaka mzima mbele ya Sony. Mashine zikaanza kurudi, zikarudi, zikarudi. Tarehe 5 Julai 2007 wakatangaza kwamba kila yenye taa tatu nyekundu itatengenezwa bure kwa miaka mitatu tangu kununuliwa, na wakatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa kazi hiyo. Peter Moore, aliyekuwa akiongoza kitengo hicho, baadaye alisimulia jinsi alivyopeleka hesabu ya dola bilioni 1.15 kwa Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, naye akaruhusu papo hapo. Mwaka 2021, katika filamu yao ya historia ya Xbox, wenyewe wakaeleza chanzo: mashine ikiwaka inapata moto, ikizimwa inapoa, na kule kutanuka na kusinyaa kwa kurudiarudia kukavunja maunganisho ya lehemu.

Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi. Hawakusema joto peke yake. Ni kupanda na kushuka. Mashine iliyowashwa na kuachwa siku nzima inaweza kuteseka kidogo kuliko ile inayowashwa mara ishirini.

Basi chumba cha gemu, ambacho mteja analipia mechi, anaondoka, mwenye chumba anazima kuokoa umeme, anawasha tena mteja mwingine akija, ndicho chuo cha kuvunja lehemu.

Mpwa akauliza swali la mtaani: ipi ilikuwa ngumu kuliko zote? Mwaka 2009 SquareTrade, kampuni ya Marekani inayouza bima za vifaa, ilihesabu mashine zaidi ya 16,000 za wateja wake. Ndani ya miaka miwili Xbox 360 zilizoharibika zilikuwa asilimia 23.7, PlayStation 3 asilimia 10, Wii ya Nintendo asilimia 2.7. Wii haikuwa na uchawi wowote, ilikuwa inakula umeme kidogo na haina joto la kujipigia. Mpwa hakulipenda jibu, maana mtaani kwetu hakuna anayesifia Wii.

Kuhusu X hii ya shemeji, kiwanda sikitwiki lawama. Nimeifungua nikakuta fundi amenitangulia: vishikio vya asili vya kipozajoto vimetupwa, badala yake kuna boliti na washa zilizokazwa kwa nguvu za kukazia tairi. Bodi imepinda, ukiiweka juu ya kioo inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Juu ya chipu kuna rangi ya kahawia ya moto. Na nyuma, kwenye matundu ya hewa, nyuzinyuzi za taulo. Ndiyo, taulo. Zamani watu waliizungushia mashine taulo na kuiwasha ijipike yenyewe, nayo ikawaka siku mbili tatu. Shemeji nimempigia simu.

"Shemeji, uliwahi kuifunika taulo?"

Akacheka. "Wewe umejuaje?"

X ni spea. Hadi sasa mashine mbili zimekufa rasmi.

Siku ya 12

PlayStation 2: lenzi imesafishwa, reli zimepakwa grisi, diski inasoma. Nusu saa, na chai imo humo. Ingekuwa kila kazi ni hii ningekuwa na nyumba Raskazone.

4C imepata pawasaplai, ikawaka, ikatoa kosa CE-34335-0, yaani haioni diski yake ngumu. Nimeweka ya laptopu, nimepakia programu ya mfumo kwa flashi. Inakwenda. Nimebadilisha na betri ya saa kwa PlayStation 4 zote tatu, ile ya mviringo CR2032. Si kwamba zimekufa, ila bodi iko wazi, na betri ni bei ya chapati tatu.

Siku ya 13

Leo nimepata namna ya kuthibitisha lile neno nililojikataza.

Kama kinachoua ni kupanda na kushuka kwa joto, basi kuiona mashine ikiwaka si kipimo. Kipimo ni kuipandisha na kuishusha mpaka ichoke yenyewe au nichoke mimi. Mzunguko mmoja: dakika 20 inacheza gemu zito, dakika 25 imezimwa na feni ya mezani inaipuliza ipoe kweli. Mizunguko 40 ndiyo ya kufaulu. Hiyo ni saa 30 kwa kila mashine, lakini zinakwenda sambamba. Nambari 40 haikutoka kwenye kitabu chochote, ni ile niliyoona naweza kuivumilia.

Mpwa ndiye mwenye saa na penseli. Anachora vijiti ukutani, vinne na cha tano kukatiza, kama wafungwa wa kwenye sinema. Ameanza na 4A, 4B, 4C na 3A. 2 ameiacha nje: "Hii bibi, mjomba, usimkimbize."

Leo mizunguko 13, zote nne ziko hai.

Siku ya 14

Umeme umekatika mchana, ukarudi kwa vishindo, kidogo, mwingi, kidogo. Stebilaiza imegonga kama mlango. Tumefanya mizunguko 9 tu. Jumla 22.

Siku ya 15

Mzunguko wa 27, saa tano asubuhi. 3A: kijani, njano, nyekundu.

Sikuandika kitu chochote mpaka jioni.

Jioni nimeunganisha tena zile nyaya tatu. 1002. Ugonjwa uleule, mahali palepale. Nikaangalia bodi, nikaangalia daftari, nikasoma nilichoandika mwenyewe Siku ya 8: "kundi la juu." Kapasita za RSX ziko pande mbili za bodi, juu na chini. Nilibadilisha za juu, mashine ikawaka, nikaridhika. Za chini niliziacha kwa sababu ilinibidi kuivua bodi upya, na kwa sababu ilikuwa jioni.

Ni kazi ileile niliyomcheka yule fundi wa boliti. Mashine iliwaka, nikapokea shukrani, ingawa shukrani zenyewe zilitoka kwangu mwenyewe. Bila vijiti vya ukutani ningekuwa nimeiweka chumbani, na ingemfia mteja katikati ya mechi baada ya wiki mbili tatu, nami ningesema hizi mashine nene ndivyo zilivyo.

Siku ya 17

Kapasita za chini zimebadilishwa. Na za upande wa kichakata kikuu pia, juu na chini, maana umri wao ni mmoja na sitaki kuvua bodi hii mara ya tatu. Bunduki ya hewa moto haikusogezwa karibu na chipu. Kapasita nimezitoa kwa pasi mbili za kulehemu, moja kila ncha, mpwa akishika kibano.

Hesabu ya 3A inaanza upya. Mpwa alitaka tuendelee kutoka 27. Hapana.

4A, 4B na 4C zimemaliza 40 zao jana usiku. 4B bado ina sauti kuliko wenzake, lakini kipozajoto kinapitisha hewa na haijajizima hata mara moja. Hizi tatu naandika: zimepona.

Siku ya 19

3A, mzunguko wa 26. Wote wawili tulikuwa tumesimama.

27. Imewaka.

Mpwa ameandika 27 kwa wino badala ya penseli.

Siku ya 20

3A imefika 40 saa moja na nusu usiku. Nimesoma Syscon kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga kifuniko: hakuna kosa jipya. Imepona.

Hesabu: mzigo 340,000, spea, nauli ya basi na vijiti vya pedi 187,000. Mashine zilizopona ni nne, na bibi PlayStation 2 ambaye hakupimwa. Spea za kuuza: bodi mbili, pawasaplai moja ya Xbox nzima kabisa, diski moja, pedi tano za kuchinja. Umeme wa mizunguko sijui niuweke fungu gani, mke wangu amesema niuweke fungu la starehe.

Siku ya 22

Chumba kimefunguliwa. Waya wa HDMI umefungwa kwenye meza, mashine zimeinuliwa kwa vipande vya mbao hewa ipite chini, na chini ya kila mguu wa meza kuna kopo la maji yenye sabuni, dawa ya mende niliyofundishwa na mama wa chipsi.

Badiliko kubwa ni swichi. Zamani nilizima mashine kila mteja alipotoka. Sasa zinawashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa nne usiku. Mteja akiondoka, gemu linabaki kwenye menyu. Umeme utaongezeka kidogo. Nitapima mwezi mzima na kuandika hapa kiasi gani.

Mtoto wa kwanza kuingia alichagua 3A kwa sababu ya gari la gemu lililokuwa kwenye skrini. Kabla hajalipa, mpwa alisogea ukutani na penseli, akachora kijiti cha arobaini na moja.